Datsun 1600 SSS ya 1971: bodi kwanza au injini kwanza?

Vumbi_la_Taru
Wakuu, habari zenu. Kuna Datsun 1600 SSS, P510, ya 1971 inayorudishwa katika hali ya rali ya Safari (Safari Rally) ya enzi zile, kama ile waliyoshindia Edgar Herrmann na Hans Schüller mwaka 1970. Lengo ni kukimbia rali za magari ya zamani, si kuliegesha kwenye maonyesho. Injini yake ya L16 ipo, kabureta mbili za Hitachi zipo, difu ipo. Kutu imekula bodi chini ya milango pande zote mbili, na sakafu upande wa dereva. Naomba ushauri: kianze kipi, bodi au injini? Kuimarisha bodi kunafanywaje bila kuipinda? Na je, niweke L20B, injini kubwa zaidi ya Datsun, badala ya L16? Wengi wanasema nguvu ni ya bure.

FundiMabati
Bodi kwanza, mkuu, bila mjadala. Injini ikitangulia itakaa inasubiri, na vumbi la kusaga mabati litaingia humo.

Kabla ya kukata hata kipande kimoja, pima. Weka bodi kwenye stendi nne zilizo sawa, kisha pima ulalo kutoka matundu ya bolti za mbele hadi ya bimu ya nyuma, kulia na kushoto. Andika namba hizo ukutani. Halafu chomelea mabomba ndani ya nafasi za milango, moja la kulala na moja la mshazari kila upande, ndipo ukate palipooza. Ukikata chini ya milango bila mabomba hayo, bodi inalegea katikati na milango haitafunga tena. Fanya upande mmoja, umalize, ndipo uhamie wa pili.

Maungio ya kiwandani yameshikwa kwa nukta za weldi tu, na barabara ya mawe huziachanisha moja baada ya nyingine. Sugua maungio hadi chuma cheupe, kisha chomelea vipande vya milimita 25, ukiacha nafasi ya milimita 50 hadi 75. Tumia mashine ya kuchomelea ya MIG yenye waya wa milimita 0.6. Usichomelee mfululizo: joto linavuta bati, na pembeni mwa mstari mrefu wa weldi ndipo ufa unapoanzia. Piga kipande mbele, nenda nyuma piga kingine, rudi.

Sehemu zinazovunjika kwenye P510 zinajulikana. Juu ya shokapu za mbele, ongeza bamba. Mabano ya ile fimbo inayozuia mkono wa chini usirudi nyuma hupasuka, yazungushie bati la milimita 3. Na bimu ya nyuma inayobeba mikono ya magurudumu: chunguza kwenye kona za mabano kwa rangi ya kupenya, ile inayoingia kwenye ufa na kuuonyesha, kwa sababu nyufa zake hujificha chini ya lami ya kuzuia kutu.

Roli keji, ile fremu ya mabomba inayowalinda waliomo gari likibiringika, ifungwe kabla ya rangi. Kwa vipimo vya sasa vya FIA, shirikisho la kimataifa la mashindano ya magari, tao kuu ni bomba lisilo na mshono la milimita 45 x 2.5 au 50 x 2.0 (kipenyo na unene), na kila mguu wake unakaa juu ya bamba la milimita 3 lenye eneo lisilopungua sentimita mraba 120. Mguu uliokaa juu ya sakafu tupu utaitoboa gari likibiringika.

KabuMbili
Kuhusu L20B, niko kinyume kabisa. L16 ni cc 1595, L20B ni 1952, kwa hiyo nguvu ipo kweli. Lakini bloku yake ni ndefu kwa karibu milimita 20: kava ya mbele na cheni ni tofauti, na kabureta zinapanda kuelekea boneti. Kubwa zaidi, P510 haikutoka kiwandani na injini hiyo. Rali za magari ya zamani hufuata Kiambatisho K cha FIA, yaani kanuni zake za magari ya zamani, na ukitaka pasi ya kiufundi, HTP, gari linalinganishwa na karatasi zake za enzi hizo. Umeshalipa gharama ya bodi yote hiyo, usiiharibu historia yake kwa sababu ya cc 350.

Kabureta za Hitachi zioshe tu, badilisha shafti za throto kama zinacheza, na weka oili ya SAE 20 kwenye dampa. Shafti ikicheza inanyonya vumbi pembeni, na hapo filta haina kazi.

Vumbi_la_Taru
Asanteni sana, L16 inabaki. Hedi ya injini inatakiwa kung'olewa wiki hii. Kuna mtego wowote?

KabuMbili
Upo, na ni mkubwa. Zungusha krenki hadi pistoni namba 1 iwe juu kabisa wakati wa kubana, kemu zake zote mbili zielekee juu. Weka alama ya rangi kwenye cheni na sproketi. Sasa shindilia kabari ya mbao, kama sentimita 25 kwenda chini, kati ya pande mbili za cheni, ndipo ufungue sproketi. Bila kabari, tensheni, kile kikaza cheni, inachomoka, na kuirudisha lazima ung'oe kava yote ya mbele. Baada ya hapo usiguse krenki.

Usisahau bolti mbili ndogo za M6 mbele, zinazoshika hedi kwenye kava. Watu hutia mtaimbo hedi ikiwa bado imeshikwa, wanavunja kava. Na minara inayoshika kemshafti iache ilipo: imechongwa pamoja na hedi, ukiihamisha kemshafti inabana.

Hedi ikisuguliwa, cheni inalegea na kemshafti inachelewa. Sproketi ina matundu matatu kwa kazi hiyo, hamia namba inayofuata. Nafasi ya valvu, injini ikiwa moto: milimita 0.25 za kuingiza, 0.30 za kutoa. Plagi zinawaka 1-3-4-2.

SpanaKumi
Niongeze la nyuma. Shafti za magurudumu za P510 zinateleza juu ya golori. Buti likichanika, vumbi linageuza grisi kuwa msasa, shafti inakwama, na kila gurudumu likipanda inasukuma difu pembeni. Fungua zote mbili, osha golori, paka grisi mpya, weka buti mpya hata kama za zamani zinaonekana nzima.

Kupima kama filta inavuja: paka grisi nyembamba ndani ya bomba kati ya filta na kabureta, endesha kilomita 50 za vumbi, kisha fungua upitishe kidole. Ukihisi chembe, tafuta kiungo kinachovuja kabla ya ringi za pistoni kuisha.