Je, vihisi vya sauti vinaweza kuonyesha hitilafu ilipo ndani ya transfoma?

Mlinzi wa Zamu: Ndugu wataalamu, katika kituo chetu cha kupozea umeme kuna transfoma ya kV 132/33 ambayo vipimo vya mafuta vimeonyesha hidrojeni ikiongezeka kwa miezi mitatu mfululizo, ilhali asetilini, gesi ya cheche kali, haijaonekana. Mwenzangu anashikilia kwamba mvumo wake umezidi, na kwamba hiyo ndiyo dalili. Je, tukibandika vihisi vya sauti kwenye tangi tutajua kasoro ilipo kabla ya kulifungua?

Fundi Mafuta: Mvumo huo uuweke kando kwanza. Chuma cha kiini hurefuka na kufupika kidogo mno kwa nguvu ya sumaku, mara mbili katika kila mzunguko, ndiyo maana umeme wa Hz 50 huvuma kwa Hz 100 na vizidishi vyake. Ukizidi, kagua boliti zilizolegea na volti iliyopanda. Cheche ndogo zinazopasuka ndani ya kihami (mafuta na karatasi zinazozuia umeme kuvuja), ambazo huweza kuzalisha hidrojeni bila asetilini, sikio halizisikii. Vihisi vingi vya kuzinasa huchaguliwa vya karibu kHz 150, juu ya kelele za kiini.

Mzee wa Gridi: Naongeza kuhusu mahali. Katika mafuta yasiyo ya moto sauti husafiri takriban mita 1,400 kwa sekunde, hivyo ikichelewa milisekunde moja imetoka mita 1.4 hivi. Ukiwa na kifaa cha kunasa ishara ya umeme kwenye waya wa ardhini, kitakupa saa ya kuanzia, na vihisi vitatu vitatosha kukadiria. Mtego uko kwenye bati la tangi: wimbi likishaligusa hukimbia ndani ya chuma kwa kasi kubwa zaidi na kufika kabla ya lile lililopita mafutani, nawe ukadhani cheche iko karibu kuliko ilivyo. Mimi niliwahi kupoteza siku nzima kwa kosa hilo. Hamisha vihisi mpaka upate pale ucheleweshaji unapokuwa mfupi kabisa.

Mlinzi wa Zamu: Nashukuru, mzee. Kifaa hicho cha waya wa ardhini hatuna.

Mzee wa Gridi: Basi tumia vihisi vinne, upime tofauti za muda baina yao. Usipime mvua ikinyesha, kwa maana kila tone juu ya tangi husikika kama cheche. Usiposikia kitu, usiitangaze kuwa nzima: cheche iliyo ndani kabisa ya koili sauti yake humezwa na karatasi na shaba, kwa hiyo endelea kupima gesi.