Kadi imekataliwa, hela imekatwa, benki wanasema "subiri". Nifunge akaunti?

mchovu_wa_foleni:
Habari zenu wadau, naombeni msaada maana nimevurugwa. Nimelipa kwa kadi, mashine ikaandika muamala umekataliwa, muuzaji akachomeka tena ikakubali, nikaenda zangu. Usiku nacheki salio nakuta imekatwa mara mbili. Napiga kasta kea, wa kwanza anasema haijakatwa imeshikiliwa tu, wa pili anasema imeshaenda kwa muuzaji nimfuate mwenyewe, tawini nako wakanijazisha fomu nikiuliza mpaka lini wanatazamana. Basi kwa hasira nikaomba stetimenti nikaanza kuisoma mstari kwa mstari, weee! Ada ya kuendesha akaunti, ada ya kadi, ada ya sms, mpaka kuulizia salio ATM kuna makato, yaani kuchungulia hela yangu mwenyewe nalipia. Halafu kuna kampuni ya mtandaoni nilijiunga kwa majaribio, kadi ya zamani ikaisha muda nikajua ndo tumeachana, kumbe wanakata kwenye kadi mpya ambayo namba yake sijawapa!! Nani kawapa?

kaunta_namba_tatu:
Pole mkuu. Nimefanya kazi benki, huyo wa kwanza huenda yuko sahihi ila kaeleza nusu. Kadi ikichomekwa mashine inaomba kibali, benki ikikubali inatenga hiyo hela palepale, sasa lile jibu la kukubali likipotea njiani mtandao ukiyumba, mashine inaona imekataliwa wakati kwenye akaunti yako hela ishatengwa. Mashine inatakiwa itume ujumbe wa kufuta, na wenyewe usipofika hela inakaa kifungoni hadi muda wa kibali uishe. We angalia hivi, salio la kutumia limepungua lakini ule muamala wa kwanza haumo kwenye stetimenti? Basi imeshikiliwa, itarudi. Ukiukuta umeshaingia kabisa, hapo sio wa kusubiri, ni wa kupinga kwa maandishi. Na risiti ya muamala uliokataliwa usitupe, ile namba ya kumbukumbu ya tarakimu 12 ndo wanayotafutia, bila hiyo wanatafuta kwa tarehe na kiasi na hapo ndo mnaanza kuzungushana.

sina_haraka:
@kaunta_namba_tatu asante kwa somo ila mbona mkiwa kaunta hamyasemi haya, mpaka muache kazi?

kaunta_namba_tatu:
Foleni bana 😅 na nusu ya wanaopokea simu hawaoni hiyo sehemu ya kibali kwenye skrini zao, wanakisia tu.

mama_wa_mahesabu:
Hiyo ya kadi mpya naijua ilishanitoa jasho. Visa na Mastercard wana huduma ya kuwapelekea wafanyabiashara namba na tarehe mpya pale kadi yako inapobadilishwa, benki ndo inapeleka taarifa kwao, lengo eti malipo yako ya kila mwezi yasikatike. Kwa hiyo kubadili kadi sio kujitoa. Anza kujitoa kwenye hiyo kampuni yenyewe, utunze ile barua pepe ya uthibitisho, halafu iandikie benki kwamba ruhusa umeifuta kuanzia tarehe fulani. Wakikata tena baada ya hapo una karatasi mkononi, bila karatasi watakwambia ulikubali mwenyewe, na kweli ulikubali, masharti tunabonyezaga tu hatusomi.

sina_haraka:
Kufunga akaunti usifunge sasa ndugu yangu, hela ya kurudishwa itarudi wapi? Na usiitelekeze tupu ukajua umewakomoa, ada zinaendelea kujikata inakwenda hasi, siku ukiirudia unadaiwa. Ukishapata chako ifunge rasmi, omba barua ya kufungwa. Hiyo sms waambie waizime, ila mimi ningeiacha, muamala wa wizi utaujuaje? Cha kufuta ni hiyo ya kuulizia salio, tumia simu. Mi kadi inayochota moja kwa moja kwenye mshahara siiandiki mtandaoni hata kwa dawa, ikikosewa hela iliyoondoka ni yako, benki haina presha, ndo maana wanakwambia subiri kwa sauti ya upole.

mchovu_wa_foleni:
Nimecheki, muamala wa kwanza haumo kwenye stetimenti, kwa hiyo yule wa pili alinipeleka kugombana na muuzaji bure! Risiti ninayo, ila namba naona imefifia nusu. Wanaweza kuipata kwa muuzaji?

kaunta_namba_tatu:
Anaweza kuprinti nakala kama bado ipo kwenye mashine. Nenda leo leo, na hiyo yako ipige picha kabla haijafutika kabisa.