Kipilefti au mzunguko: nani kakosea, mtoto au mwalimu?

Wakuu, naombeni tulijadili hili. Mwanangu wa darasa la tano kaandika insha ya kumwelekeza mgeni atoke Kariakoo afike Posta. Kaandika "ukifika kipilefti cha Mnara wa Saa". Mwalimu kakata kwa wino mwekundu, juu kaweka "mzunguko". Alama zimekwenda.

Najua neno lilikotoka. Kwenye duara la makutano ya barabara, kibao kilimwamrisha dereva kwa Kiingereza "keep left", yaani apite kushoto, watu wakachukua amri wakaifanya jina la mahali. Mwingereza mwenyewe hapaiti hivyo. Lakini tazameni sarufi ilivyolipokea: kipilefti, vipilefti, kama kitabu, vitabu. Na kitabu ni Kiarabu, hiyo ki- ilikuja nalo kutoka huko! Madigadi ya gari nayo ni hivyohivyo, ni "mudguard" ya Kiingereza: watu walidhani ma- ni ya wingi, ndiyo tukapata digadi moja.

Halafu Kariakoo, ambayo ni Carrier Corps, wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia, mwalimu hakuigusa. Ipo sentensi hiyohiyo.

—Mkuu, mimi namtetea mwalimu. Insha ya shule ina lugha yake. Mzunguko analielewa hata mtoto wa kijijini ambaye hajawahi kuona taa za barabarani. Ukiruhusu hili, kesho ataandika "konda kala chenji yangu".

—Mzunguko upi sasa? Wa damu? Wa fedha? Mwambie bodaboda "nishushe mzungukoni" uone, atakuzungusha kweli na nauli juu.

—Naendesha lori, bandarini hadi Lubumbashi. Ukishavuka Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo, unahamia kulia, hata duara lenyewe unalizunguka kinyume na huku kwetu. Utingo wangu bado anaita kipilefti. Kushoto kulishasahaulika zamani.

—Mimi nimefundisha Kiswahili sekondari. Nisingekata alama, ningeandika pembeni "pia: mzunguko" nikaendelea. Ila mzazi, tuambie ukweli: swali lilidai Kiswahili sanifu?

—Mwalimu wangu, swali lilisema "mwelekeze mgeni", basi. Kesho naenda shuleni na daftari. Kwanza nitampigia mwalimu simu anielekeze njia ya kufika, maana shule iko jirani kabisa na kipilefti. Nataka nimsikie atapaitaje.