Mafunzo ya siku mbili ya uandishi unaozingatia jinsia, Iringa: nianzie wapi?

MhaririKihesa
Wakuu, habari za kazi. Nimepewa jukumu la kuandaa mafunzo ya siku mbili ya uandishi wa habari unaozingatia jinsia. Washiriki ni 18: watangazaji wa redio za jamii, wawakilishi wa magazeti na wenye televisheni za mtandaoni kutoka Iringa mjini, Mufindi na Makambako. Wengi wameshakaa kwenye semina za namna hii. Ukiwauliza tofauti ya jinsi (maumbile ya kike au ya kiume) na jinsia (majukumu ambayo jamii inampa mwanamke au mwanaume) wanakujibu bila kuangalia daftari. Lakini taarifa ya habari ya jioni ikianza utamsikia mkuu wa wilaya, kamanda, mwenyekiti wa halmashauri na afisa kilimo, wote wanaume. Mwanamke anaingia pale tu alipopigwa, alipobakwa au alipojifungulia njiani.

Sitaki siku mbili za slaidi. Naomba wenye uzoefu mnisaidie: zoezi gani linabadilisha kazi kweli, sheria niifundishe kwa kina gani, na baada ya miezi mitatu nitajuaje kama kuna kilichobadilika?

MamaVipindi
Ndugu mhariri, kazi ianze wiki tatu kabla ya ukumbi. Chukua taarifa kuu ya habari ya kila siku kwa siku 14 mfululizo, uhesabu vyanzo. Fomu iwe na safu saba: tarehe, mada, chanzo, mwanamke au mwanaume, cheo alichotambulishwa nacho, amezungumza kama nani (msemaji wa taasisi, mtaalamu, shuhuda, mwananchi, aliyetendewa), na sekunde ambazo sauti yake imesikika. Aliyetajwa bila kusikika muandikie sifuri, usimwache nje ya fomu, maana wanawake wengi wamo kwenye habari kwa namna hiyo: wanazungumziwa.

Epuka wiki ya Machi 8 na zile Siku 16 za kupinga ukatili, Novemba 25 hadi Desemba 10. Namba zitapanda zenyewe na utapima sherehe badala ya kazi ya kila siku. Watangazaji usiwahesabu kabisa, kwa sababu dada anaweza kusoma taarifa nzima na vyanzo vyote vikawa wanaume. Halafu watu wawili wajaze fomu ya habari kumi zilezile bila kuoneshana. Wakitofautiana sana, maelezo ya safu hayajaeleweka, na mara nyingi shida iko kati ya "mtaalamu" na "mwananchi". Mkulima wa Njombe mwenye ekari nne za viazi anayeeleza anavyoutambua mnyauko kabla haujasambaa, utamweka wapi? Ubishi huo upeleke ukumbini kama ulivyo, una manufaa kuliko slaidi ishirini.

Kwa kulinganisha, Global Media Monitoring Project, ambayo hupima vyombo vya habari duniani kila baada ya miaka mitano, ilikuta wanawake ni asilimia 17 ya watu waliomo kwenye habari mwaka 1995, na asilimia 25 mwaka 2020. Waoneshe hizo, kisha namba zao wenyewe. Toa jumla ya kila kituo, usitaje mwandishi mmoja mmoja, la sivyo asubuhi yote itaishia kwenye kujitetea.

Zoezi lenyewe: vikundi sita vya watu watatu. Kila kikundi kinapewa habari ambayo kituo chao kilishairusha, kinatafuta nani hakuulizwa, kinampigia simu palepale, na saa nane mchana kinarudi na habari mpya ya sekunde 90. Weka fungu la vocha kwenye bajeti. Na simamia jambo moja kwa ukali: yule mwanamke aulizwe swali lilelile aliloulizwa ofisa. Bila hivyo wataweka sauti ya mama mwishoni akisema "tunaishukuru serikali kwa mradi wa maji", na kwenye fomu itahesabika kama mafanikio. Aulizwe bomba linatoa maji saa ngapi, ndoo ni shilingi ngapi, na nani aliamua kituo cha kuchotea kiwekwe pale.

Siku ya pili asubuhi tengenezeni daftari la wanawake wenye utaalamu, majina 30 ya kuanzia: wahadhiri wa Mkwawa na Chuo Kikuu cha Iringa, watafiti wa kilimo wa TARI Uyole, maafisa ugani, wahasibu wa vyama vya ushirika, madaktari. Watumishi wa umma wengi hawazungumzi bila ruhusa ya mkuu wao, kwa hiyo barua za maombi zitangulie. Na wasiitwe kwa mada za wanawake peke yake. Mtafiti wa udongo aulizwe udongo.

Wakili_Soweto
Kwenye sheria, saa mbili zinatosha ukifundisha yale yanayomkuta mwandishi kazini.

La kwanza ni utambulisho. Katika kesi za makosa ya kujamiiana ushahidi unatolewa faraghani, na sheria inakataza kuchapisha au kutangaza ushahidi huo na mashahidi wake. Katika toleo la 2022 la Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ni kifungu cha 186(3). Waandishi wengi wanadhani kuficha jina kunatosha. Huku kwetu hakutoshi. Ukisema "mtoto wa miaka 11, mwanafunzi wa darasa la nne, anayelelewa na bibi yake" ukataja na kitongoji, kijiji kizima kimeshamjua. Sare ya shule, rangi ya mlango na sauti ya mama anayehojiwa hufanya kazi ileile ya jina.

Gumu zaidi ni pale mtuhumiwa anapokuwa ndugu. Gazeti moja linamtaja kwa jina bila kueleza uhusiano. Redio nyingine inasema "baba mzazi" bila kumtaja. Kila mmoja amejitahidi kivyake, lakini msikilizaji akiunganisha viwili hivyo mtoto amepatikana. Ndiyo maana vyombo vya mkoa mmoja vinapaswa kukubaliana utaratibu mmoja. Kwa maoni yangu ni salama kueleza kosa na hatua ya kesi, bila uhusiano na bila kijiji. Tumieni hicho chumba chenye watu 18 kukubaliana hapohapo, kwa maandishi.

La pili ni umri. Kwa Sheria ya Mtoto ya 2009, mtoto ni mwenye umri chini ya miaka 18. Habari ya mtu mzima na msichana wa miaka 13 haiandikwi "uhusiano wa kimapenzi", kwa sababu ridhaa ya mtoto huyo haipo kisheria. Kumpa mimba mwanafunzi, tangu marekebisho ya Sheria ya Elimu ya 2016, adhabu yake ni kifungo cha miaka 30. Kwa upande wa ndoa, Mahakama ya Rufani mwezi Oktoba 2019 ilithibitisha hukumu iliyoona vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya 1971, vinavyoruhusu msichana kuolewa kabla ya miaka 18, vinakwenda kinyume na Katiba.

La tatu, mtuhumiwa ana haki zake. "Mbakaji anaswa" kabla ya hukumu ni kosa hata kama umma una hasira. Andika akamatwa kwa tuhuma, afikishwa mahakamani, ashtakiwa, ahukumiwa. Kila neno lina siku yake.

Mpigambiu_Tukuyu
Naongezea vichwa vya habari, maana wengi wanasoma hapo tu kisha wanasambaza. Andaeni vichwa 20 kutoka kwenye kurasa zenu wenyewe, kila kikundi kivisahihishe. Mfano wa kutunga: "Binti wa miaka 13 anaswa gesti na bodaboda." Hapo aliyenaswa ni mtoto, kama mwizi. Baada ya mashtaka kusomwa kinakuwa: "Dereva bodaboda ashtakiwa kwa kumbaka mtoto wa miaka 13." Kimerudisha tendo kwa anayedaiwa kulitenda, na hakijawa kirefu cha kutisha.

Kuna na "wivu wa mapenzi". Maneno hayo hutoka kwenye taarifa ya polisi na kunakiliwa yalivyo. Kama hakuna chanzo kingine, yaandikwe kuwa ni maelezo ya polisi, si sababu iliyothibitishwa. Kisha uliza: marehemu aliwahi kutoa taarifa kwenye Dawati la Jinsia na Watoto? Kwa balozi wa nyumba kumi au mwenyekiti wa mtaa? Walifanya nini? Habari iko hapo. Kila habari ya ukatili ifungwe kwa msaada: Dawati la Jinsia kituo cha polisi, namba 116 ya simu ya bure kwa watoto, na kwamba aliyebakwa afike hospitali mapema, kwani dawa za kuzuia VVU zinatakiwa zianzwe ndani ya saa 72.

Mwanaume anayepigwa na mkewe asiandikwe kama kichekesho, na mtoto wa kiume aliyelawitiwa alindwe utambulisho kama msichana.

Lakini nawasihi, msifanye jinsia kuwa ukatili tu. Kahawa ya Mbozi, mpunga wa Mbarali, chai ya huku Rungwe: mwanachama wa AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) ni nani, malipo yanaingia kwenye simu ya nani, na aliyepalilia anapata ngapi? Ardhi vilevile. Baraza la ardhi la kijiji kisheria lina wajumbe saba, wasiopungua watatu wakiwa wanawake. Mwandishi aende kijijini aombe muhtasari wa vikao, aone kama hao watatu wapo na kama walizungumza. Asiende saa nne asubuhi akakuta wanawake wako shamba kisha akaandika "wanawake hawajitokezi". Na asimhoji mke mbele ya mume kuhusu mapato, wala asimpigie kupitia simu ya mume. Akishaondoka, anayebaki nyumbani ni yule mama.

ChumbaChaHabari
Yote mazuri, ila kuna jambo hamjaligusa na ndilo linaloangusha mafunzo haya kila mara. Wawakilishi wengi wanalipwa kwa habari iliyotoka. Chanzo cha tatu ni nauli ya kwenda na kurudi kijijini. Ofisa yupo mjini, amewaita wote, ana taarifa iliyochapwa. Mwandishi hana ubaguzi moyoni, ana hesabu. Ukimfundisha siku mbili ukamrudisha kwenye malipo yaleyale, atarudi kwa ofisa.

Kwa hiyo kati ya hao 18, wasiopungua sita wawe wahariri au wasimamizi wa vipindi, wenye uamuzi wa kurudisha habari. Wakikosa kuja, ahirisha. Wasaini jambo dogo linalotekelezeka: habari yoyote yenye chanzo kimoja tu cha ofisi inarudishwa, isipokuwa ya dharura, na kituo kinatenga nauli ya habari mbili kwa wiki zinazotoka nje ya mji. Heri mbili za kweli kuliko ahadi ya zote. Baada ya miezi mitatu rudieni ile fomu ya siku 14, watu walewale, taarifa ileile. Angalieni sekunde na safu ya "amezungumza kama nani" kabla ya asilimia. Idadi ikipanda huku wote ni "aliyetendewa", hakuna kilichobadilika.

Na muwe na kikao cha saa moja kuhusu ndani ya vyumba vya habari: nani anapangiwa siasa na bajeti, nani anapangiwa afya na mapishi, na rushwa ya ngono, ambayo ni kosa chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007. Kikao hicho kiongozwe na mtu wa nje ya vituo hivyo, vinginevyo hakuna binti atakayefungua mdomo mbele ya bosi wake.

MhaririKihesa
Nawashukuru sana. Semina naisogeza mbele ili hesabu ya siku 14 ifanyike kwanza. Swali moja limebaki: manusura akikubali kuhojiwa redioni, tunaibadilisha sauti iwe nzito. Inatosha?

MamaVipindi
Haitoshi, kaka. Sauti iliyoshushwa kwa programu inaweza kupandishwa tena na mtu mwenye programu kama hiyo. Hata isipopandishwa, lafudhi ya Kihehe au Kinyakyusa inabaki, mwendo wa kuongea unabaki, na nyuma yake kuna jogoo, kengele ya shule na mtu anayemwita jina. Andika maneno yake, mwenzako wa rika na jinsi kama ya manusura ayasome studio, na msikilizaji aambiwe hivyo. Kabla ya kurusha, msomee manusura mwenyewe kila sentensi itakayotoka na umpe nafasi ya kuondoa anayotaka.

Rekodi ghafi isipite kwenye kundi la WhatsApp la waandishi. Hapo ndipo nyingi huvuja. Mwandishi aikabidhi kwa mhariri mmoja ana kwa ana, kwanza azime kwenye simu yake mpangilio unaohifadhi mafaili mtandaoni wenyewe, na aifute mbele ya mhariri. Mhariri aihifadhi kwenye diski yenye nywila, na kwenye jina la faili aweke namba badala ya jina la mtu.