Atrazine ya mahindi msimu uliopita, sasa nataka alizeti (Kongwa)

Mkulima_wa_Kongwa: Wakuu, habari za leo. Nina ekari 6: nne udongo mwekundu wa kichanga kwenye mteremko, mbili mbuga nyeusi (mfinyanzi mzito) bondeni. Zote zilipigwa atrazine (dawa ya kuua magugu) ya gramu 500 kwa lita mwezi Januari, lita 2 kwa ekari. pH (kipimo cha uchachu wa udongo) ya kichanga ni 6.2, ya mbuga 8.1. Miezi 11 imepita, dawa si imeshaisha, nipande alizeti?

Fundi_Udongo: Mkuu, usihesabu miezi ya kalenda, hesabu miezi yenye unyevu. Atrazine inavunjwa na vijidudu vya udongo na maji yenyewe. Udongo ukikauka, kazi inalala. Huku kwetu mvua ikikata Aprili, tabaka la juu linabaki vumbi mpaka Desemba. Makadirio ya kawaida ni siku kama 60 dawa kupungua nusu, lakini ni siku za udongo wenye unyevu. Wewe unazo 90 hivi, kwa hiyo theluthi nzima inaweza kuwa bado ipo.

Na kipimo kilikuwa kizito: lita 2 ni kilo 1 ya kiini (dawa yenyewe bila maji ya kuchanganyia) kwa ekari, yaani kilo 2.5 kwa hekta.

Mbuga ndiyo ya kuogopa. pH ikipita 7, atrazine inavunjika polepole zaidi. Mfinyanzi mkavu unaishika, watu wanadhani imekwisha. Ukilowa unaiachia, na mizizi ya alizeti inaivuta.

Kijana_Bahi: Kwani mvua za kwanza hazitaisomba? Kichanga hakishiki kitu.

Fundi_Udongo: Itasogea, ila angalia inakwenda wapi. Kwenye kichanga inashuka na maji. Mvua kubwa ikipiga mteremko, inatiririka hadi mbuga ileile ya chini, na kwenye korongo la mchanga watu wanakochimba visima vya kuchota. Usiifananishe na glyphosate, dawa nyingine ya magugu: ile inang'ang'ania chembe za udongo, husafiri na tope.

Mama_Shamba: Pima kabla ya kununua mbegu. Chota udongo wa sentimita 0 hadi 10, sehemu 15, kila aina ya udongo peke yake. Udongo wa pale bomba la kupulizia lilipogeuziwa weka kando, ndipo dawa ilipopigwa mara mbili. Chukua pia udongo wa aina ileile mpakani, usiopigwa dawa. Makopo matatu kwa kila udongo, mbegu 10 za alizeti kila kopo, juani, unyevu wa kutosha bila kuloweka.

Usihukumu siku ya 7! Mche unaishi kwa akiba ya mbegu, na dawa hii inazuia majani kujitengenezea chakula. Subiri wiki 3. Majani yakianza manjano ukingoni na kukauka, yale ya chini kwanza, huku ya mpakani yakiwa mabichi, alizeti isipandwe hapo. Mtama au mahindi vitavumilia.

Mkulima_wa_Kongwa: Makopo ya rangi yanafaa?

Mama_Shamba: Hapana, mabaki ya rangi yatakudanganya. Tumia ya maziwa, toboa matundu chini. Na kichanga usikipite kwa kuwa pH yake ni nzuri. Kipimo chako kilikuwa kikubwa mno.