Tupeane uzoefu: Majina yasiyolingana kwenye vyeti, kitambulisho na kazini

Mtu wa Masijala

Wakuu, nafungua uzi huu kwa ajili ya wale wenye sifa zote za kazi, wanaoitwa usaili kisha wanarudishwa mlangoni kwa sababu cheti cha kuzaliwa kinasema Hamisi, cha kidato cha nne Hamis, na kitambulisho cha Taifa Khamis. Ni wengi, na inauma kuona kijana anaacha hata kuomba kazi kwa sababu ya herufi moja. Jambo hili linanyooshwa, ila lina mpangilio wake. Naomba kila anayeijua kazi hii aweke hatua, karatasi zinazotakiwa na mahali watu wanapokwama.

Nianze na kitu ambacho hakuna ofisi itakayokufanyia. Chukua karatasi uchore jedwali la safu tano: aina ya hati, namba yake, majina yote yalivyoandikwa, tarehe ya kuzaliwa, mwaka ilipotolewa. Weka kila kitu: cheti cha kuzaliwa, cheti cha kumaliza shule ya msingi, kidato cha nne na cha sita, chuo, NIDA (yaani kitambulisho cha Taifa), pasipoti, leseni, kadi ya mpiga kura, TIN (namba ya mlipakodi), benki, laini ya simu, mfuko wa hifadhi ya jamii. Nakili herufi kwa herufi ukiitazama hati yenyewe. Usijaze kwa kukumbuka, maana jicho husoma jina linavyolijua na kuruka kosa.

Ukimaliza, tafuta hati ipi ni ngumu kuhama. Kanuni ninayoisimamia ni kwamba hati laini huifuata hati ngumu. Kwa Mtanzania aliyesoma, ngumu kuliko zote ni cheti cha Baraza la Mitihani, kwa sababu kinachapwa kwa jina lililosajiliwa kabla ya mtihani, na ndicho mwajiri anachoanza nacho. Cheti cha kuzaliwa, NIDA na pasipoti viko katikati, vina utaratibu wa kurekebishwa. Benki, TIN na simu ni laini. Watu wengi huenda kinyume: wanarekebisha benki leo, kesho NIDA inatoka na jina jingine, wanarudi benki tena.

Wakili wa Bara

Shukrani mkuu, umeanzia panapostahili. Naongeza upande wa sheria, maana hapa ndipo pesa za watu zinapotea bure.

Kuna karatasi mbili ambazo watu huzichanganya. Ya kwanza ni kiapo, kinachoapwa chini ya Sheria ya Viapo na Matamko ya Kisheria, Sura ya 34. Kiapo hakibadilishi jina. Kinasema tu kwamba Asha Juma Omari na Aisha Juma Omary ni mtu mmoja. Ya pili ni hati ya kubadili jina, ile inayojulikana kama deed poll. Hii unaliacha jina la zamani na kutangaza kwamba kuanzia siku hiyo utatumia jipya kwa mambo yote. Inaandaliwa na wakili, unasaini mbele ya shahidi, kisha inasajiliwa kwa Msajili chini ya Sheria ya Usajili wa Nyaraka, Sura ya 117, ofisi za ardhi. Deed poll isiyo na muhuri na namba ya usajili ni karatasi tu, na hapo ndipo wengi wanaporudishwa: wameishia kwa wakili, hawakufika kwa Msajili.

Uchague ipi? Tofauti ya herufi, jina lililofupishwa (A. J. Omari badala ya Asha Juma Omari), au mpangilio uliogeuka, mara nyingi kiapo kinatosha. Jina zima lililo tofauti, kwa mfano uliyesoma kama Yohana Masanja sasa unajiita John Petro, hapo ni deed poll. Ila soma tangazo la kazi kwanza. Likitaja deed poll, usipeleke kiapo ukitumaini huruma.

Ndani ya kiapo, orodhesha kila namna jina lako lilivyoandikwa na uitaje hati na namba yake. Kiapo kinachosema "majina yangu yanatofautiana kidogo" hakisaidii, kwa sababu anayekisoma hajui tofauti ipi unayoizungumzia. Kisha angalia sehemu ya mwisho, anaposaini Kamishna wa Viapo, yaani yule anayekuapisha. Sheria ya Sura ya 12, kifungu cha 8, inamtaka aandike jina lake, mahali na tarehe kiapo kilipofanyika. Mahali pakikosekana, kiapo kinaweza kukataliwa, na mahakamani vimekataliwa vingi kwa kosa hilo hilo. Kisome ukiwa bado mezani kwake.

Neno moja kuhusu tarehe ya kuzaliwa: deed poll haiigusi kabisa. Hiyo ni kazi ya RITA (wakala anayetoa vyeti vya kuzaliwa) na NIDA, na ni nzito kuliko jina.

Fundi wa Mifumo

Wakili amesema kweli kuhusu tarehe. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Ukibadili tarehe unagusa namba yenyewe, na namba hiyo iko kila mahali. Kwa hiyo, kama jina na tarehe vyote vina kosa, viwasilishe pamoja mara moja. Usirekebishe jina mwaka huu halafu urudi kwa tarehe mwaka ujao.

Tangu usajili wa laini kwa alama za vidole ulipoanza mwaka 2019, jina la laini yako linatoka NIDA, na pochi ya simu inalifuata. Benki na TIN nako wanasoma huko huko. Ndiyo maana namuunga mkono Mtu wa Masijala: NIDA ikikaa sawa, vya chini yake vinanyooka kwa kuhuisha taarifa tu.

Sasa makosa ambayo jicho halioni. Jina kama Ng'wandu au Ng'ombe lina alama ya ritifaa. Kwenye kompyuta alama hiyo ina sura zaidi ya moja: iliyonyooka na iliyopinda. Kwa mtu ni kitu kile kile, kwa mfumo ni herufi mbili tofauti, na utafutaji unarudi mtupu. Ukijaza fomu ya mtandaoni kwa kunakili jina kutoka kwenye programu ya kuandikia, ritifaa huwa inapinda yenyewe. Liandike mwenyewe kwa kibodi, herufi kwa herufi, kwenye kisanduku. Vilevile nafasi mbili kati ya majina, au nafasi iliyobaki mwishoni. Na sifuri badala ya O, hasa hati zilizopigwa chapa zamani kisha zikaskaniwa.

Mfumo ukisema "taarifa hazilingani", usijaribu mara kumi kwa kubahatisha. Fungua jedwali lako, jaribu jina lilivyo NIDA, herufi kwa herufi. Likikataa, tatizo liko upande wa pili.

Afisa Utumishi

Niongezee yanayotokea mezani kwetu.

Kwenye wasifu na barua ya maombi, jina la juu liwe lile la cheti cha kidato cha nne, yote matatu, kwa mpangilio ule ule. Jina la utani, la kilokole au la mtandaoni lisionekane hata kwenye anwani ya barua pepe. Ukiwa na kiapo au deed poll, skani pamoja na cheti kinachohusika kwenye faili moja la PDF, kiapo kikitangulia. Ukikipakia peke yake kwenye "viambatisho vingine", anayechambua maombi mia kadhaa anaweza asikifikie.

Siku ya mkataba, soma jina lako kabla ya kusaini. Jina hilo ndilo linalokwenda kwenye mshahara na kwenye michango ya NSSF kwa sekta binafsi, au PSSSF kwa utumishi wa umma. Michango iliyoingia kwa jina lenye kosa haipotei, lakini kuiunganisha miaka 25 baadaye, mwajiri akiwa ameshafunga, ni mateso. Omba taarifa ya michango kila mwaka na utazame jina, siyo kiasi peke yake. Kwa watumishi wa umma, tarehe ya kuzaliwa uliyojaza ulipoajiriwa mara ya kwanza ndiyo itakayohesabu miaka 60 yako ya kustaafu. Usiijaze kwa makisio.

Dada zangu mnaoolewa: hakuna sheria Tanzania inayomlazimisha mke kuchukua jina la mume. Wanawake wengi wa pwani hubaki na la baba maisha yote na ndoa zao ni halali. Ukitaka kulichukua, lichukue kote. Kinacholeta tabu ni jina la mume kwenye pasipoti na la baba kwenye ajira, bila karatasi inayoyaunganisha. Tembea na nakala ya cheti cha ndoa iliyothibitishwa.

Mwalimu wa Awali

Wakuu, mzizi uko shuleni. Mtoto anaandikishwa darasa la kwanza na jirani au shangazi, anatajwa kwa jina la nyumbani, mwalimu anaandika anavyosikia. Bara tunaongeza irabu mwishoni (Rashidi, Salumu, Josephu), Zanzibar wanaiacha. Fatuma anakuwa Fatma akihamia Unguja. Jina hilo linaingia kwenye PReM, mfumo wa Baraza la Mitihani wa kumbukumbu za wanafunzi, na linasafiri na mtoto hadi mtihani wa darasa la saba.

Mzazi, peleka nakala ya cheti cha kuzaliwa siku ya uandikishaji, uombe kuona lilivyoandikwa daftarini. Ukaguzi wa pili ni kidato cha pili, wa tatu kabla ya usajili wa kidato cha nne. Shule hubandika orodha ya majina ukutani ili wanafunzi wahakiki, na mwanafunzi husaini bila kusoma. Mwambie mwanao asome majina yote matatu. Kosa lililoonekana hapo linarekebishwa na mkuu wa shule. Likipita, linakuwa la wakili.

Na mkopo wa elimu ya juu unahitaji cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, au na wenzao wa Zanzibar kwa aliyezaliwa huko. Anzeni uhakiki kabla dirisha halijafunguliwa.

Mkazi wa Mombasa

Huku Kenya utaratibu unafanana, tofauti ni milango. Deed poll inasajiliwa kwa Msajili wa Nyaraka, Ardhi House, Nairobi, chini ya Sura ya 285, kisha inatangazwa kwenye gazeti rasmi la serikali, linalotoka Ijumaa. Weka nakala halisi ya gazeti lenye tangazo lako, siyo picha ya simu, maana ofisi ya kitambulisho na ya pasipoti zitataka kuona namba ya tangazo. Halafu fuata mpangilio: kitambulisho, PIN ya KRA (namba ya mlipakodi ya Kenya), benki, NSSF. Ukitangulia benki utarudishwa.

Msafirishaji Muscat

Salaam aleikum jamaa zangu. Kwa wanaokuja kufanya kazi Ghuba, jina linaloongoza ni la kwenye mistari miwili ya herufi na mishale chini ya ukurasa wa picha wa pasipoti. Kila mstari una nafasi 44. Wa juu, tano za mwanzo ni za aina ya hati na nchi, zinabaki 39 za majina. La ukoo linatangulia, kisha mishale miwili, kisha mengine. Ritifaa inaondolewa, Ng'wandu inakuwa NGWANDU. Jina refu linakatwa mwishoni. Tiketi ikatwe kwa majina ya pasipoti, bila ritifaa.

Shida nyingine ni tafsiri ya kwenda na kurudi. Karani anasoma Salum, anaandika kwa Kiarabu, mwingine anarudisha kwa herufi za Kilatini inatoka Salim. Kadi ya ukaazi ikichapwa hivyo, benki inakataa mshahara. Mwambieni anakili Kilatini kutoka pasipoti, na muikague kabla haijachapwa.

Mwenyeji wa Lubumbashi

Wandugu, kwetu Kongo kuna jina, jina la nyuma na jina la ubatizo. Muundo huo ulitokana na siasa za Mobutu mwaka 1972, majina ya kikristo yalipopigwa marufuku na watu wakaongeza la mababu. Fomu za Dar es Salaam au Nairobi zina visanduku vitatu pia, lakini maana yake ni lako, la baba, la babu. Msijaze kwa kufuata visanduku. Mjaze kwa mpangilio wa pasipoti na mwombe karani aandike hivyo kwenye kibali cha kazi. Na kwa ndugu wa Rwanda na Burundi, ambako mtoto huwa na jina lake asilochangia na baba, mkisafiri na watoto bebeni vyeti vyao vya kuzaliwa. Jina peke yake halitaonyesha kwamba ni wenu.

Afisa Utumishi

Najua wapo wanaosema wamechoka kuzunguka ofisini. Uchovu mwingi unatokana na kuanza wakati tangazo la kazi lina wiki mbili tu. Anza sasa ambapo hakuna tangazo. Panga ofisi moja kwa wiki, na siku hiyo usiwe na shughuli nyingine. Ondoka na kitu mkononi kila mara: risiti, namba ya ombi, au angalau jina la dawati na tarehe ya kurudi, uliyoiandika mbele yao. Viweke kwenye bahasha moja na jedwali. Hati ikinyooka, pitisha mstari wa kalamu nyekundu juu ya jina lake kwenye jedwali. Na maombi ya kazi yaendelee huku kiapo kikiwa kimeambatishwa. Usisubiri jedwali lote liishe.

Mgeni wa Mbeya

Wakuu, hati zikiwa zimewekewa lamineshini, mhuri wa uthibitisho unagongwa wapi?

Wakili wa Bara

Ndugu, haugongwi juu ya plastiki, wino unafutika. Toa kivuli cha pande zote mbili, peleka na hati halisi, wakili alinganishe na agonge kwenye kivuli, kila ukurasa. Usijaribu kuibandua, maana cheti cha zamani hutoka na wino wote. Hati ambazo bado hazijawekewa, ziache kwenye mfuko wa plastiki ulio wazi upande mmoja, kwa sababu kuna ofisi zinazogonga mhuri nyuma ya hati halisi.