Biti ya lupu za bure: wewe ni prodyuza au umepanga tu vya watu?

Mleta mada:
Wakuu salama? Kuna kitu kinanikera naomba tukijadili bila matusi. Siku hizi mtu anafungua BandLab, programu ya kutengeneza muziki, kwenye kivinjari, hajalipa hata senti, anavuta lupu (kipande cha muziki kilichopigwa tayari, kinachojirudia) ya ngoma, anavuta ya gitaa, chini anaweka ya besi, dakika kumi kashamaliza anajiita prodyuza. Sisemi kwa dharau maana na mimi nilianza hivyo hivyo, biti yangu ya kwanza ilikuwa lupu nne nimezipandisha kama matofali, nikamtumia rafiki yangu akaniambia hii nimeshaisikia mahali, nikabisha wee, kumbe kweli, kinanda kile kile kilikuwa kwenye biti ya mtu mwingine kabisa. Toka siku hiyo nasema anayeanza asiguse lupu mpaka achore ngoma zake mwenyewe, yaani azipange pigo kwa pigo, miezi mitatu. Nipingeni.

Mchangiaji 1:
Nakupinga na wala sihangaiki. Umbrella ya Rihanna, 2007, zile ngoma ni lupu iliyokuja bure na GarageBand, programu ya muziki ya Apple, inaitwa Vintage Funk Kit 03. Kila mwenye Mac alikuwa nayo. Mbona wote hawakutoa Umbrella?

Mleta mada:
Huo mfano nilikuwa nausubiri 😂 Waliotengeneza ule wimbo walikuwa wanajua tayari nini kikae juu ya ngoma na nini kitoke. Mimi naongelea mtu ambaye bado hajui kik (ngoma nzito ya chini) na snea (ile kali ya kuchapa) zinatofautianaje.

Mchangiaji 2:
Mnabishana sanaa, mimi niongelee haki maana ndipo watu wanapolia. Lupu nyingi za bure zinakuruhusu kutoa wimbo na kuuza, Apple kwa mfano wanakubali utumie lupu zao kwenye wimbo wako, wanachokataa ni kuuza lupu yenyewe peke yake. Sasa shida ni kwamba leseni ni karatasi na anayekukagua ni mashine. Content ID, mfumo wa YouTube wa kukagua hakimiliki, inalinganisha sauti tu, kwa hiyo mwenzako akiwahi kusajili wimbo wenye lupu ile ile wewe ndiye unaletewa dai. Unaweza kupinga, na haki unayo, ila utasubiri. Kwa hiyo mleta mada yuko sahihi japo sababu aliyotoa siyo.

Mchangiaji 3:
Jamani kuchora ngoma mnakuogopesha bure. Chukua LMMS, programu ya kutengeneza biti, ni ya bure na inafanya kazi hata bila intaneti, fungua ile sehemu ya vibonye 16, kila kibonye ni nafasi ya pigo moja. Kik weka 1 na 9, snea 5 na 13, haihati (yale matoazi madogo) kila namba witiri, yaani 1, 3, 5 mpaka 15. Icheze kwenye mapigo 90 kwa dakika. Umeshapata biti, tena ya kwako. Halafu toa kik ya 9 ipeleke 11 usikilize inavyoanza kuyumba kidogo, hapo ndipo utaelewa kitu ambacho lupu mia hazitakufundisha. Ukitaka ya kuchezeka weka kik 1, 5, 9, 13 na snea 4, 7, 12, 15, pandisha mwendo hadi 100, utaijua mwenyewe ni nini. Angalizo moja tu, LMMS toleo la 1.2 hairekodi sauti ya mtu, kwa hiyo vokali utarekodi kwenye programu nyingine kama Audacity.

Mchangiaji 4:
Mimi naona mnapiga kelele pasipo tatizo. Tatizo ni kreki, yaani programu za kulipia zilizovunjwa ulinzi. Mtu anaona vya bure ni vya kitoto, FL Studio, programu ya kulipia, ile ya majaribio inamruhusu kuhifadhi kazi ila hawezi kuifungua tena mpaka anunue, basi anaenda kupakua ya wizi. Mimi nilipakua, laptopu ikajaa virusi nikapoteza biti za mwaka mzima, na hakuna wa kumlalamikia kwa sababu mwizi nilikuwa mimi.

Mchangiaji 1:
Hapo umenena. Na hao wanaodharau vya bei rahisi wakumbuke Roland TR-808, mashine ya kupiga ngoma, ilitoka 1980, ikaacha kutengenezwa 1983, watu walikuwa wanasema ngoma zake hazifanani na ngoma. Ndio bei yake ya mtumba ikashuka, vijana wa hip hop wakaibeba, leo kila biti inataka ile besi.

Mleta mada:
Sawa, ila angalieni hiyo 808 yenyewe, haikuja na muziki uliopangwa tayari, ilikuwa na vibonye 16 hivyo hivyo na ilibidi ubonyeze mwenyewe. Umenisaidia mimi siyo wewe 😅 Lakini nalegeza. Lupu moja ruksa, ya kinanda au gitaa, uikate, ubadilishe na ufunguo (ki ya wimbo), ila ngoma na besi zitoke mkononi kwako. Na miezi mitatu basi iwe mwezi.

Mchangiaji 3:
Wiki mbili zinatosha akikaa na vile vibonye kila siku.

Mchangiaji 1:
Miezi mitatu imekuwa wiki mbili na uzi haujafika ukurasa wa pili. Kesho mtaniruhusu na lupu zangu nne.